Kabla ya Kushika Mkasi: Kupogoa na Kuvusha Mimea ya Kudumu Wakati wa Baridi

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza ni lini akate mimea yake yote hadi usawa wa ardhi, ili bustani iwe safi kabla ya baridi kuingia. Ujumbe wake umenifikia wakati haidrenjia yangu imejaa maua mpaka matawi yanainama, na sitaficha kwamba ninajivunia. Kwa miaka kadhaa mmea huo ulitoa majani matupu. Fundi bustani niliyemlipa aliupogoa kila mwaka majani yalipopukutika, na nilipomuuliza mbona hauchanui, alinijibu kwa kujiamini kwamba udongo wangu ni mbovu. Nikanunua mbolea kutibu udongo uliokuwa mzima. Jambo hilo bado linaniuma, hasa ninapokumbuka jinsi alivyonitazama kama mtu asiyestahili kuwa na bustani.

Ukweli ni kwamba haidrenjia ya majani mapana, ambayo wataalamu huiita Hydrangea macrophylla, hutunga matumba ya mwaka ujao mwishoni mwa kiangazi, kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukua, na kuyabeba humo majira yote ya baridi. Anayeyakata matawi hayo wakati wa majani kupukutika anakata maua asiyoyaona bado. Ndugu yake, Hydrangea paniculata, huchanua kwenye machipukizi ya mwaka huohuo, hivyo unaweza kuupogoa sana mwishoni mwa baridi na bado ukakupa maua tele. Mimea hii miwili inafanana kwa jina, inauzwa pamoja, na hukatwa kwa mkasi uleule bila kuuliza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutafuta tarehe ya kukata, tafuta kwanza kujua kama mmea wako huchanua kwenye tawi la zamani au kwenye tawi jipya. Mengine yote hufuata hapo.

Kuna sababu nyingine ya kuuzuia mkono. Jeraha la mkasi huamsha macho, yaani vinundu vinavyotoa matawi mapya, yaliyolala chini yake, na ukipogoa mapema wakati siku bado zina joto, mmea utatoa machipukizi laini ambayo jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda, itayaua. Waridi, kwa mfano, lisubiri mwishoni mwa majira ya baridi, macho yanapoanza kuvimba: ondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, kisha kata nusu sentimita hivi juu ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari, ili tawi jipya lisielekee katikati ya kichaka. Ikiwa matawi ni marefu na upepo ni mkali, yafupishe kidogo tu kabla ya baridi ili mizizi isitikiswe. Lavenda nayo hupunguzwa mara tu inapomaliza kuchanua, na mkasi usiingie kwenye sehemu ya shina iliyokomaa na kuwa ngumu, isiyo na majani, kwa kuwa sehemu hiyo kwa kawaida haichipui tena.

Majirani waliwahi kunidokeza kwamba bustani yangu inaonekana kama imetelekezwa, kwa sababu huwa ninaacha mabua ya maua ya ekinasia na rudbekia yakiwa yamesimama hadi majira ya kuchipua. Niliwaacha waseme. Ndege hula mbegu zake, baadhi ya nyuki wa porini hujificha ndani ya mabua yenye uwazi, na majani makavu huikinga shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi. Usafi unaowaacha viumbe hawa bila makazi ni usafi wa kumpendeza mpita njia, na mpita njia hatakusaidia kupanda upya. Peoni tu ndiyo huikata hadi chini majani yanapokauka na kuyaondoa kabisa bustanini, kwa kuwa ukungu unaoozesha matumba yake hubaki kwenye mabaki hayo.

Watu huogopa theluji, ilhali theluji iliyotulia ni blanketi. Kinachoua zaidi ni maji yaliyotuama kwenye mizizi, pamoja na ardhi inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara hadi ikausukuma mmea mchanga juu, mizizi ikabaki wazi. Ndiyo maana matandazo ya majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 10, huwekwa baada ya ardhi kupoa vizuri, tena mbali kidogo na shina ili lisioze. Mimea ya vyunguni iko hatarini zaidi, kwa kuwa baridi huifikia mizizi kutoka pande zote. Isogeze karibu na ukuta, ifunge chungu kwa gunia, na ukiinue kidogo ili tundu la kutolea maji lisizibe.

Dalia haimo katika kundi la mimea ya kuachwa nje pale ardhi inapoganda. Jalidi ikishayafanya majani kuwa meusi, kata shina, chimbua viazi vyake kwa uma wa bustani bila kuvichoma, vikaushe mahali penye hewa, kisha vifukie kwenye mchanga mkavu ndani ya sanduku, katika chumba cha nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi. Vikague kila mwezi: kilichooza kitoe mara moja kabla hakijaambukiza vingine, na kinachoanza kunyauka kinyunyizie maji kidogo. Kila kiazi kibaki na kipande cha shingo ya shina la zamani, kwa sababu macho ya dalia yako hapo, na kiazi kinene kisicho na jicho hakitachipua hata ukitunze namna gani.