Haibiskasi yangu inatoka doa jekundu: maswali yenu kuhusu picha za maua

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Uani kwetu kuna haibiskasi nyekundu. Kwa macho naona mishipa na mikunjo yote ya petali, lakini nikipiga kwa simu linatoka doa jekundu tupu, kama limepakwa rangi ya mafuta. Nikipunguza mwangaza kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, doa ni lilelile, ila limeiva giza. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kosa lilishatokea kabla hujafungua Snapseed. Kamera hupokea mwanga kwa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ua jekundu lililo juani huijaza nyekundu hadi pomoni huku hizo mbili zikiwa karibu tupu. Simu hupima wastani wa picha nzima, majani yakiwemo, ikaona mambo yako sawa, kumbe nyekundu imeshafurika. Palipofurika, mshipa na nyama ya petali iliyo kando yake vimerekodiwa kwa namba ileile. Hakuna programu itakayovitenganisha tena.

Gusa ua kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha alama ya jua kwenda chini hadi mishipa ionekane. Majani ya nyuma yakiwa meusi, yaache. Hayo utayainua baadaye, petali iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga, huinui. Mwenye kamera kubwa ashushe mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo cha +/- (EV) na aangalie histogramu, ule mchoro wa wingi wa mwanga, ya nyekundu peke yake, maana ile ya jumla hudanganya hapa. Ikigonga ukuta wa kulia, shusha tena.

Saa nayo ina neno. Jua la saa sita kwetu liko utosini: petali za juu zinaungua, za chini zinazama kivulini. Piga kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Ukilazimika kupiga mchana, mtu akushikie shuka jeupe jepesi kati ya jua na ua.

Katika kuhariri, inua vivuli kwa 15 hadi 20. Mkolezo wa rangi usiuongeze kabisa; kwa ua jekundu upunguze kwa 10, na utashangaa mishipa inavyojitokeza.

SWALI: Nauza vikuba vya asumini. Nikipiga kikuba kwa karibu, asumini zinakuwa za kijivu. Nikipiga zikiwa bado mtini, zinaungua nyeupe pe. Simu ni hiyohiyo. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Simu yako ni nzima. Kamera hutaka kila picha iwe na mwanga wa wastani. Weupe ukijaa kioo, huupunguza mpaka ukawa kijivu, kwa hiyo panda kwa 0.7 hadi 1. Asumini chache zikiwa katikati ya majani meusi, huongeza mwanga kwa ajili ya majani na maua yakaungua. Hapo shuka kwa 1. Tena usipige kikuba juu ya meza yenye kitambaa cha rangi, kwa sababu petali nyeupe hubeba rangi ya kilicho chini yake.

SWALI: Nikituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp wananijibu “nzuri sana” tu. Nitajifunzaje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ukiuliza “mnaionaje?” utasifiwa. Uliza: “Jicho lako limetua wapi kwanza?” na usiwadokeze ulichokusudia. Ulilenga chavua, na watatu kati ya watano wakataja bua kavu lililo nyuma? Bua hilo ndilo kosa. Likate kwenye ukingo wa picha, au kesho usogee hatua moja kushoto lijifiche nyuma ya ua. Tuma picha ya asili pamoja na uliyohariri, zote kama nyaraka, kwani WhatsApp hubana picha za kawaida na vinyweleo vya petali hupotea. Badilisha jambo moja kila mara, ndipo utajua lililosaidia.

Wakikwambia ua halina ukali, usikimbilie kuongeza ukali kwenye programu. Utapata kingo zenye mistari myeupe. Kamera kuu ya simu nyingi hushindwa kufokasi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 10. Rudi nyuma hadi 20, vuta mara 2, na usubiri upepo utulie ndipo ubonyeze.