Shangazi, bosi mwanamume anamtumia mume wangu jumbe za mapenzi

*Shikamoo shangazi. Mume wangu ni karani wa godauni hapa Changamwe. Nimepekua simu yake nikakuta supavaiza wake, mwanamume, anamwita "mrembo wangu" na kumwahidi ovataimu wakionana faragha. Miezi mitatu sasa hanigusi, ananuna, anakunywa. Aliwahi kuniambia bosi anamshikashika, nikacheka. Dada zangu wanasema nimeolewa na shoga. Niondoke?*

Marahaba. Pole, lakini barua yako inamtetea mumeo kuliko inavyomshtaki. Umenukuu jumbe za bosi tu. Za mumeo ziko wapi? Angejibu "nakuja", hiyo ungeiandika ya kwanza. Alikufungulia moyo, ukamcheka, naye akanyamaza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wewe umeipeleka kwa dada zako! Wake wa siku hizi mnapekua simu kuliko mnavyouliza. Huondoki popote. Mwombe radhi leo.

Kununa, pombe, kutotaka kuguswa: ndivyo anavyokuwa mtu anayeshikwa asipotaka. Wengi hufa ganzi papo hapo, kisha hujilaumu kwa nini hawakurusha ngumi. Mwanamume huogopa zaidi kuitwa jina lile walilomwita dada zako. Na huyo bosi si lazima awe anapenda wanaume. Mara nyingi ni ubabe wa mwenye kugawa zamu.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kinachohusu unyanyasaji wa kingono kazini, hakibagui mnyanyasaji wa kiume au wa kike. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji huo, inayosema malalamiko yapelekwe wapi na jinsi jina la mlalamishi linavyolindwa. Mumeo aiombe. Kisha amwandikie bosi ujumbe mmoja mkavu: "Sitaki, usirudie." Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 humnasa mkubwa anayezidi kutongoza akijua hatakiwi; adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Asifute kitu. Apige skrinishoti zenye namba na tarehe. Kila kisa akiandike siku hiyohiyo: saa, mahali, maneno, nani alikuwa karibu. Barua ya malalamiko iwe na nakala mbili, yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asijiuzulu kwa hasira, kampuni itasema haikuarifiwa. Wakimfuta kwa kulalamika, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Bosi wa aina hii akikataliwa hukata zamu kwanza. Hesabuni kodi ya nyumba bila ovataimu, na mumeo apige picha orodha za zamu zilizobandikwa, za kabla ya barua na za baada yake.