Projekta ya mkopo na glopu mbili za tochi

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha majaribio ya kidato cha tatu, simu ikaita mlio wa ujumbe. Kijana mmoja, mwalimu mpya wa fizikia huko Kanda ya Ziwa, anasema ananisoma tangu yuko chuo. "Shikamoo Madamu. Nimekopa nikanunua projekta. Wiki ya kwanza watoto walishangilia, sasa wanasinzia. Nakosea wapi?"

Nilicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Nilipomsomea naye akacheka, kisha akanyoosha kidole juu ya kabati. Yangu iko pale, imefunikwa kanga. Makato yake yaliisha siku nyingi, lakini kila nikiiona nahisi bado natoa.

Nitakujibu, mdogo wangu, ila uwe na subira, maana jibu langu linaanzia mbali.

Nilikuwa nafundisha shule ya kata moja wilayani Korogwe, katika zile zilizoota nchi nzima baada ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza mwaka 2004. Kidato cha pili walikuwa watoto 74 ndani ya chumba kimoja, wawili wawili kwenye madawati. Nilifundisha nilivyofundishwa: naandika ubaoni, wananakili, nauliza "tumeelewana?", wanaitika "ndiyooo", naenda zangu. Mtaala tangu 2005 unataka mwanafunzi ndiye afanye kazi darasani, na kwenye andalio la somo nilijaza hivyo hivyo, "wanafunzi watajadili katika vikundi", mwalimu wa taaluma anasaini, naingia darasani naandika ubaoni. Usinitazame hivyo. Na wewe umewahi kujaza.

Mwaka 2017 nikapelekwa semina. Mwezeshaji alikuwa na projekta, akatuonyesha moyo wa binadamu ukipiga ukutani, valvu zinafunguka na kufunga. Nikasema kumbe hiki ndicho kinachonikosesha ufaulu! Sikumaliza hata mwezi. Nikaenda SACCOS, shilingi 600,000, makato miezi 12, nikapanda basi mpaka Kariakoo nikarudi na projekta ya mtumba isiyo na rimoti.

Siku ya kwanza naikumbuka kama harusi. Darasa letu madirisha yalikuwa nondo tupu, hakuna kioo wala pazia, kwa hiyo tulitundika vitenge vinne, viwili vyangu na viwili vya mama mpishi. Umeme tuliuvuta kwa ekstensheni kutoka ofisini, waya ukakatiza uwanja, na nikamweka kiranja aulinde dhidi ya mbuzi wa jirani. Picha yenyewe ilikuwa hafifu kama chai iliyoongezewa maji ili wageni watoshe. Lakini wale watoto! Waliona vile vidoti vya elektroni vinakimbia ndani ya waya wakapiga makofi. Nusu saa nzima video inaongea Kiingereza cha Marekani cha kukimbia, wamekodoa macho, hakuna anayekohoa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikitembea kama mtu aliyesikia jina lake kwenye uteuzi wa saa mbili usiku.

Wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Swali moja lilikuwa na mchoro: betri, na glopu mbili zinazofanana zilizofungwa kwa mfululizo. Ipi itawaka zaidi? Karibu darasa zima likajibu ile ya kwanza. Sababu? Ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata makombo. Hata kinara wa darasa, yule anayekokotoa kanuni ya Ohm bila kufuta, naye aliandika makombo.

Walikuwa wametazama elektroni kwa macho yao kwa nusu saa, zikitoka kwenye glopu kwa idadi ile ile iliyoingia.

Muhula uliofuata sina cha kukusimulia. Niliendelea kuonyesha video, kwa sababu deni lilikuwa halijaisha na mtu hakubali upesi kwamba amekopa kwa ajili ya kitu kisichomfaa. Walimu wenzangu ofisini wakanibatiza Madamu Sinema. Watoto wakalidaka, hata mama mpishi. Wapo waliokwishahamia mikoa mingine ambao mpaka leo tukikutana ndiyo salamu yao, wakidhani nafurahi.

Kilichoniokoa ni kusoma habari za profesa mmoja wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard, Eric Mazur. Alikuwa anasifiwa na wanafunzi wake, wanafaulu mitihani ya kukokotoa saketi za umeme nzito nzito. Akawapa swali jepesi la glopu na swichi, halina hata namba, wakalifanya vibaya kuliko lile la hesabu. Nilifunga simu nikakaa kimya. Kumbe hata Harvard umeme unaliwa!

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mazur aliacha kuhutubia. Anauliza swali, kila mwanafunzi anachagua jibu peke yake, kisha anamgeukia jirani yake amshawishi, kisha wanachagua tena. Wakipata wachache sana anafundisha upya, wakipata wengi anasonga mbele, na pale katikati, darasa linapogawanyika, ndipo anawaacha wabishane. Basi. Hakuna sinema.

Sasa, mwanafunzi wa kwetu haruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo ile michezo ya maswali kama Kahoot, inayotaka vifaa mikononi mwa watoto, nikaiweka kando. Nikapata Plickers. Hii inataka simu ya mwalimu tu. Unachapa kadi zenye alama nyeusi, kila kadi na umbo lake. Mwanafunzi akiishika upande huu ni A, akiizungusha ni B, mpaka D. Unapitisha kamera ya simu juu ya darasa, simu inahesabu. Steshenari ya mjini ilinichapia kadi 40. Watoto 74 hazitoshi, nikaamua kila dawati kadi moja, na uhaba huo ndio uliokuja kuwa baraka, maana wawili walilazimika kukubaliana kabla ya kunyanyua.

Nikaleta betri mbili za redio, vipande vya waya na glopu mbili za tochi. Sikuziunganisha. Hapo ndipo pa kusikiliza, mdogo wangu. Sikuziunganisha. Nikachora ubaoni, nikauliza ipi itawaka zaidi, kadi juu. Wengine walifunika alama kwa vidole, ikabidi nizunguke nikigombeza, lakini mwishoni kadi 29 kati ya 37 zilisema ya kwanza. Nikasema haya, mgeukieni wa dawati la nyuma mshawishiane.

Kimya.

Nilisahau jambo moja. Shuleni kwetu anayesikika akiongea Kiswahili alikuwa anavishwa kibao shingoni. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, ana mwaka mmoja na nusu wa Kiingereza cha kunakili, nimemwambia abishane! Abishane kwa maneno gani? Nikarudisha mlango. Nikasema kwa dakika tano Kiswahili ruksa, jibu la mwisho tutaliandika kwa Kiingereza.

Ikawa gulio. Watu wamesimama juu ya madawati. Na katikati ya kelele ile, binti mmoja wa dawati la mwisho, ambaye katika muda wote niliomfundisha nilikuwa nimesikia sauti yake kwenye kuitika jina tu, akapaza sauti: "Jamani, mnyororo wa baiskeli unaliwa? Ukikanyaga pedeli unazunguka wote kwa pamoja, unaokwenda mbele ndio unaorudi. Kinachochoka ni mguu!"

Mimi nina shahada. Sikuwahi kufikiri kwamba betri ni mguu.

Kadi juu tena. Zilizosema ya kwanza zilibaki sita. Ndipo nikaunganisha waya, glopu zote mbili zikawaka sawasawa, na darasa likapiga ukelele ambao ule wa siku ya projekta ulikuwa mnong'ono. Mwalimu wa zamu akaja mbio akidhani nyoka ameingia.

Jioni nikaitwa. Kelele wakati wa vipindi, na kutumia Kiswahili katika somo la fizikia. Barua ninayo mpaka leo, iko faili moja na vyeti vyangu. Niliomba msamaha kwa maandishi, nikaendelea kurudisha mlango.

Darasa lile walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2019. Matokeo yalipotoka Januari, fizikia tulipata B tatu, jambo ambalo shule ile haikuwahi kuliona, na moja ilikuwa ya binti wa mnyororo. Kwenye kikao cha wazazi ilishukuriwa kambi ya mitihani. Alishukuriwa mwalimu wa taaluma, akashukuriwa diwani aliyetoa magunia mawili ya mahindi ya kambi. Mimi nilipigiwa makofi pamoja na "walimu wengine wote". Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Haya, turudi kwako. Umeniuliza unakosea wapi. Hukosei kununua projekta, unakosea kuwaonyesha kabla ya kuwauliza. Mtoto ukimwonyesha jibu kabla hajaweka lake mezani, anatazama tu, kama anavyotazama mpira usio wa timu yake. Mwache kwanza abashiri. Akishanyanyua kadi, akishasimama mbele ya mwenzake akaapa kwamba ni ya kwanza, hapo sasa ana timu. Waya ukigusa betri hatapepesa macho.

Kwa hiyo uliza kwanza. Kama una video ya dakika kumi, isimamishe dakika ya pili, uliza kitakachofuata, wabishane, ndipo uiendeleze. Na ukiuliza, usikubali kidole kimoja kinyanyuke pale mbele kikajibu kwa niaba ya kijiji kizima. Wote wajibu, kwa wakati mmoja, hata kwa kadi za maboksi. Mimi Plickers niliiacha baadaye, kifurushi cha intaneti kilikuwa kinanimaliza kwa kuingiza maswali na kufungua matokeo, na mvua ya masika iliziharibu kadi. Sasa nina vipande vya boksi la sabuni vilivyopakwa rangi nne. Vinafanya kazi ile ile, isipokuwa nahesabu mwenyewe.

Usinielewe vibaya, teknolojia siiachi. Vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, changu kina PhET, majaribio ya sayansi yanayofanyika kwenye skrini, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Unayapakua mara moja mahali penye mtandao, darasani yanafunguka bila bando. Lile la kuunga saketi ndilo langu: unaburuta betri, waya, glopu, elektroni zinaanza kutembea, na mtoto anaweza kuona kwamba mwendo kabla ya glopu na baada ya glopu ni ule ule. Kishikwambi kinapita vikundi kwa zamu. Lakini kinapita baada ya kadi. Nimelisema hili mara ngapi sasa? Nitalisema tena, maana kuna walimu wanapiga picha watoto wameshika vishikwambi, wanatuma kwenye magrupu, wanapongezwa na afisa elimu, na ukimuuliza mtoto alikuwa anatafuta jibu la swali gani, hajui. Mwalimu mwenzangu, kama mtoto hajui anatafuta nini, umempa kioo cha kujitazama.

Na Kiswahili. Najua waraka unasemaje, na najua mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mimi pia nataka wafaulu. Lakini hoja huzaliwa kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza ni cha kuiandikia. Dakika tano hazijawahi kumfelisha mtu. Rudisha mlango.

Projekta usiiuze, utapata hasara. Kuna siku itakufaa.

Ila glopu nunua za aina moja, uzikague mwenyewe. Nakwambia haya kwa sababu wiki hii hii, nikiwa na uzoefu wangu wote huu ninaojivunia, nilimtuma mtoto kwa fundi redio akaniletea mbili za shilingi 300, sikuzisoma maandishi. Kidato cha tatu wamepiga kura, wamebishana, karibu wote wameshakubali zitawaka sawa, mimi nimejaa tabasamu. Nikaunganisha. Ya kwanza ikawaka kweupe, ya pili ikabaki nyekundu kama jicho la mgonjwa. Lo! Wale wachache waliosema umeme unaliwa waliruka juu ya madawati, "Tulisema Madamu! Tulisemaaa!" Nikabaki nimeshika waya.

Kijana mmoja wa upande ulioshindwa akaja mbele bila kuitwa. Hakusema kitu. Alizifungua glopu, akazibadilishana nafasi, ile nyeupe akaiweka ya pili, akaunganisha. Nyeupe ikabaki nyeupe.

Kengele ikalia, hakuna aliyetoka.