Nina makala 40 na Google hainioneshi: niongeze maneno muhimu?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani na nina tovuti ninayoeleza namna ya kutengeneza cherehani. Hadi sasa nina makala 40. Kila aya nimehakikisha ina maneno "ukarabati wa cherehani", na kwenye msimbo (code) wa ukurasa nimeweka orodha ya maneno muhimu kama nilivyofundishwa. Bado nikijitafuta Google sijioni. Rafiki yangu anasema niiachie akili mnemba iniandikie makala 200 kwa wiki moja, eti tovuti kubwa ndiyo inayopendwa. Nimfuate?

Jibu: Usimfuate, ndugu fundi. Nitamrudia baadaye.

Kwanza hakikisha Google inazijua hizo makala. Fungua akaunti ya Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure, thibitisha kwamba tovuti ni yako, kisha ingiza anwani ya ukurasa mmoja. Utaambiwa kama ukurasa huo umo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazotafuta ndani yake, au haumo, na kama haumo, sababu yake. Wakati mwingine mchawi ni alama ya noindex, inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa, ambayo aliyetengeneza tovuti aliiweka wakati wa majaribio akasahau kuiondoa. Hapo hata uandike vizuri kiasi gani, hutaonekana.

Ile orodha ya maneno muhimu kwenye msimbo unaweza kuiacha au kuifuta, hakuna tofauti. Google ilisema hadharani mwaka 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga matokeo. Aliyekufundisha alikufundisha somo la zamani. Kurudia neno moja kila aya ni kubaya zaidi, maana sera za Google zinalihesabu jambo hilo kuwa ni ulaghai. Wala hakuna haja: tangu 2019 Google inatumia mfumo uitwao BERT, ambao huelewa neno kwa kuangalia maneno yanayolizunguka. Ukiandika "uzi", "sindano" na "bobini" (kile kigurudumu cha uzi wa chini) kwenye sentensi zenye maana, itaelewa kwamba unazungumzia cherehani bila kupigiwa ngoma.

Tuje kwenye uandishi wenyewe, maana hapo ndipo ulipokwama. Aya uliyonitumia inaanza hivi:

"Ukarabati wa cherehani ni jambo muhimu sana katika ulimwengu wa leo. Katika makala hii ya ukarabati wa cherehani tutajifunza kwa kina ukarabati wa cherehani pale uzi unapoleta shida."

Aliyeandika hivyo si fundi, ni mtu anayezunguka mbuyu. Msomaji wako ana nguo mezani, uzi umejisokota chini ya kitambaa, mashine imekwama. Hana muda wa ulimwengu wa leo. Nilipokuuliza tatizo hilo hulitatua vipi, ulinijibu kwa ujumbe mfupi ambao ni bora kuliko makala yako yote. Nimeunyoosha kidogo tu:

"Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, usikimbilie bobini. Mara nyingi kosa liko juu. Inua mguu unaobana kitambaa, toa uzi wa juu wote, kisha upitishe upya mguu ukiwa bado juu. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vinakuwa vimebanana, uzi haupenyi katikati yake. Unakuwa haujakazwa, ndiyo maana unamwagikia chini."

Angalia kilichomo. Jibu limetangulia. Kuna kosa ambalo wengi hulifanya, la kuanza na bobini, na kuna sababu yake, ambayo anaijua mtu aliyeifungua mashine. Fungua kurasa kumi za kwanza zinazojitokeza kwa tatizo hilohilo ujiulize: mimi nina nini ambacho hawa hawana? Kama jibu ni "sina", usiiandike makala hiyo, andika nyingine. Mimi nalihesabu swali hilo moja kuwa na uzito kuliko mbinu zote zinazouzwa mitandaoni.

Desemba 2022 Google iliongeza kigezo cha uzoefu wa mwandishi kwenye mwongozo wa watu inaowaajiri kukagua ubora wa matokeo. Alama za wakaguzi hao hazipandishi wala kushusha ukurasa wako moja kwa moja, ila zinaonesha Google inataka mifumo yake ielekee wapi. Wewe uzoefu unao, ila umeuficha. Weka jina lako, sema wewe ni fundi, na piga picha za mashine iliyo mbele yako badala ya kuokota za mtandaoni.

Kichwa cha habari kiwe vile mteja anavyolalamika: "Kwa nini uzi unajikusanya chini ya kitambaa?" Kinashinda "Ukarabati wa cherehani, sehemu ya 7" kwa mbali. Urefu usikusumbue. Google haina idadi ya maneno inayoipenda, na kama jibu limeisha kwa maneno 300, limeisha.

Sasa rafiki yako. Februari 2023 Google ilieleza kwamba inachotazama ni ubora wa maandishi, si kama yameandikwa na mtu au mashine. Lakini Machi 2024 ilikaza sera zake dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, yeyote awe amezizalisha. Makala 200 kwa wiki moja ni hilo hasa. Akili mnemba itumie kukagua tahajia au kukupangia vichwa vidogo. Haijawahi kushika bisibisi, kwa hiyo kuhusu mashine itakupa yaleyale yaliyokwisha kuandikwa na wengine.

Kwa kweli mimi ningekushauri upunguze. Katika zile 40 nimeona tano zinazozungumzia uzi kukatika, kila moja ikiwa na robo ya jibu. Ziunganishe ziwe moja kamili, halafu anwani nne zinazobaki zielekeze kwenye hiyo moja kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, unaompeleka mgeni wa anwani ya zamani kwenye mpya. Usibadilishe tarehe tu ili makala ionekane mpya.

Ukimaliza, vuta subira. Mabadiliko yanaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Wakati huo fuatilia ripoti ya utendaji kwenye Search Console: inakuonesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi wakauona ukurasa wako. Ukurasa ukionekana mara nyingi na watu hawabofyi, anza na kichwa cha habari. Na ukikuta watu wanauliza jambo ambalo hukulijibu, makala inayofuata umeshaipata.