Jasho la saa nane usiku

Dar es Salaam ya mwezi wa pili, nani atashangaa kuamka amelowa? Mimi sikushangaa. Shuka chapachapa, moyo unakwenda mbio, ndoto za kukimbizwa. Nageuza mto upande mkavu, nalala tena. Mke wangu ndiye aliyeshtuka: "Baba watoto, feni inawaka, mimi nimejifunika, wewe jasho la nini?" Shemeji akashauri kisomo. Nikasomewa.

Nina sukari aina ya pili, mwaka wa 12 sasa. Kipimo cha asubuhi kabla ya chai kilikuwa hakizidi 7 (milimoli kwa lita), na kliniki walinitolea mfano mbele ya wenzangu. Kumbe daftari hilo safi ndilo lililoficha tatizo. Alfajiri ini humwaga sukari kwenye damu, hivyo ukipima kumekucha huoni kilichotokea usiku wa manane.

Siku moja nikatega saa iniamshe saa nane, nikatoboa kidole: 2.9. Kuanzia chini ya 3.9 sukari imeshashuka. Chini ya 3.0 si mchezo. Nikakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nikanywa, nikasubiri dakika 15, nikapima tena. 4.6. Ndipo nikala ndizi na mkate. (Soda nayo inafaa, ila si ile isiyo na sukari. Chokoleti iacheni, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu.)

Nililaumu chakula, lakini ugali ulikuwa uleule, saa mbili ileile. Vidonge vilevile pia: metfomini, na glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi na jioni. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mzee, figo ulipima lini?"

Sikukumbuka. Tukapima kriatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, imepanda. Figo zikichoka, glibenklamaidi haitoki mwilini kwa wakati. Cha jioni kinakikuta cha asubuhi bado kipo, vyote viwili vinalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, nawe umelala. Dawa ilikuwa ileile. Niliyebadilika ni mimi. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema kidonge hiki hakiwafai waliovuka miaka 60. Mimi nina 63! Akaniondolea, na metfomini akaipunguza kulingana na figo. Msiache dawa kienyeji, lakini kipimo cha figo kiulizieni, angalau mara moja kwa mwaka.

Kama figo ni nzima, tazama kwingine. Ulipewa Septrini, ile dawa ya kuua bakteria, hivi karibuni? Ikikutana na vidonge vya jamii ya glibenklamaidi huweza kushusha sukari. Ulikunywa pombe bila kula? Ulishinda shambani? Misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baada ya jembe kuwekwa chini. Na wenye dawa za presha kama atenolol wasisubiri moyo kwenda mbio, huenda dawa ikauficha. Jasho ndilo la kuangalia.

Nyumbani nimewafundisha: wakinikuta sijitambui, wasinimiminie kitu mdomoni. Wanilaze ubavu, wanikimbize hospitali. Hata nikizinduka twende, kwani sukari iliyoshushwa na vidonge hivi huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Kopo la sukari sasa linakaa chini ya kitanda. Sisimizi wameshalijua, na mke wangu analalamika kila Jumamosi akifagia.