Seva ya muziki ya bei mbaya: inabadilisha sauti kweli?

Umeuliza kama ukinunua seva ya muziki ya mamilioni (boksi la kuhifadhi na kucheza faili za nyimbo), tuseme ya Aurender au Innuos, muziki utasikika vizuri kuliko kwenye kompyuta yako ya sasa. Ndugu yangu, pesa hiyo anza nayo kwenye spika. Faili la FLAC, yaani muziki uliobanwa uchukue nafasi ndogo, halipotezi kitu: namba ni zilezile za CD, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, zitoke kwenye boksi la alumini au kwenye kikompyuta cha bei nafuu kama Raspberry Pi. Kinachozigeuza kuwa sauti ni kifaa kiitwacho DAC, hiyo ndiyo ya kuchagua kwa makini. Kweli, kompyuta chakavu huweza kuvujisha kelele za umeme kupitia USB, lakini DAC iliyotengenezwa vizuri huzizuia nyingi.

Unacholipia hasa ni raha. Hakuna feni inayovuma usiku umetulia na taarabu yako, na nyingine zinanakili CD zenyewe, wewe unachagua wimbo kwa simu ukiwa umejilaza kwenye kochi. (Majina ya nyimbo zetu huyakosea sana, jiandae kuyaandika mwenyewe.)

CD nzima ikiwa FLAC huchukua kama MB 300 hadi 400, hivyo TB 1 inabeba albamu zaidi ya 2,000. Nunua na diski ya pili ya akiba, hapo sitaki ubishi. Tumia waya wa mtandao ukiweza, siyo Wi-Fi, na uweke UPS ndogo (betri ya kushika umeme ukikatika) maana umeme wetu unaujua.