Mshahara wa 13: kugawa kwa 12 ni kazi ndogo, shida ni unagawa nini

Mkuu mleta mada, umeuliza mshahara wa 13 (malipo ya ziada ya mwisho wa mwaka) wa mfanyakazi wako ni kiasi gani kati ya hesabu zinazogongana. Programu yako ya mishahara iko sahihi. Ni peso 19,000. Si 21,000 anazosema bosi wako, wala si zile anazodai mfanyakazi baada ya kujumlisha na ovataimu.

Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: mfanyakazi yuko Ufilipino, alilipwa 18,000 kwa mwezi hadi Juni, akapandishwa hadi 21,000 kuanzia Julai, na Septemba akachukua likizo bila malipo iliyomkata 6,000. Kila mtu ofisini ana hesabu yake.

Nimekaa kwenye meza ya mishahara miaka mingi, na mwaka wangu wa kwanza wa kushughulikia wafanyakazi wa nchi zaidi ya moja nilifanya kosa lile lile la bosi wako. Nilichukua mshahara wa Novemba wa kila mtu, nikauita mshahara wa 13, nikaweka nafasi ya mwezi wa ziada, nikapeleka benki. Nilimaliza saa nane mchana nikajiona hodari. Januari mkaguzi wa ndani akaniuliza swali moja tu: "Hii fomula umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesikia tu watu wakisema "mwezi mmoja wa ziada".

Sheria ya Ufilipino haisemi mwezi mmoja wa ziada. Ni Amri ya Rais namba 851 ya mwaka 1975, na inachotaka ni angalau moja ya kumi na mbili ya mshahara wa msingi ambao mtu ameupata ndani ya mwaka wa kalenda. Neno la kulikazia macho ni hilo "ameupata". Kwa hiyo:

18,000 mara miezi 6 ni 108,000. 21,000 mara 6 ni 126,000. Jumla 234,000. Toa 6,000 ambazo hakuzipata kwa sababu hakuwa kazini, inabaki 228,000. Gawa kwa 12: 19,000.

Nyongeza ya Julai hairudi nyuma kwenda kufunika Januari. Na likizo bila malipo inapunguza, hata kama uliikubali kwa roho safi na kumsainia fomu.

Sasa ovataimu, maana hapo ndipo huyo mfanyakazi amesimamia kucha. Mshahara wa msingi kule haubebi ovataimu, nyongeza ya kazi za usiku, malipo ya ziada ya kufanya kazi sikukuu, posho ya kupanda kwa maisha, wala pesa ya likizo ambayo mtu hakuitumia akalipwa taslimu. Kamisheni ndiyo inayoumiza kichwa: kama ni sehemu ya mshahara wake kwa mujibu wa makubaliano, inaingia, kama ni zawadi ya faida inayokuja na kuondoka, haiingii. Hapo usibahatishe, fungua mkataba wake.

Lakini mwambie bosi kwamba hakatazwi kulipa 21,000. Sheria imeweka sakafu, haikuweka dari. Tatizo ni lingine: akizoea kuwalipa watu hivyo mwaka hadi mwaka kwa hiari yake, halafu siku moja biashara ikabana akataka kurudi kwenye fomula, sheria ya kazi ya kule inamzuia kupunguza faida ambayo wafanyakazi wameshaizoea. Ukarimu wa Desemba moja unaweza kugeuka deni la kila Desemba. Kama anataka kumpa 2,000 za ziada, azilipe kwa mstari wake, zenye jina lake, zisichanganywe na mshahara wa 13.

Mdau mmoja huko juu ameandika kwamba yeye hutumia mshahara wa Desemba na hajawahi kupata kesi. Namuamini, ila nadhani watu wake wako Brazil. Kule ni moja ya kumi na mbili ya malipo ya Desemba kwa kila mwezi uliofanyiwa kazi, kwa sheria ya mwaka 1962, kwa hiyo huyu huyu wa nyongeza ya Julai angeanzia kwenye 21,000. Na ovataimu ya kila mara kule inaingia kwa wastani! Yaani mambo mawili ambayo Ufilipino yangekuwa makosa, Brazil ndiyo hesabu yenyewe. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu, baada ya kunakili jedwali langu la Excel kutoka kundi moja la wafanyakazi kwenda jingine.

Brazil wana jambo lingine linalonasa watu: siku 15 za mwezi zinahesabika kama mwezi mzima, chini ya hapo mwezi unapotea. Aliyeanza kazi Machi 17 ana siku 15 ndani ya Machi, anapata 10 ya 12. Aliyeanza Machi 18 ana siku 14, anapata 9 ya 12. Siku moja, mwezi mzima. Nimewahi kugombana na mkuu wa idara aliyechelewesha mkataba wa mtu kwa siku moja kwa sababu alikuwa safarini.

Meksiko hawana habari na miezi kabisa. Wao ni mshahara wa siku 15 kwa uchache, na asiyefikisha mwaka anapata kwa uwiano wa siku alizofanya. Argentina wanachukua nusu ya mshahara wa mwezi wenye malipo makubwa kuliko yote ndani ya kila nusu mwaka, wanailipa Juni na Desemba. (Jaribu mshahara wa mfanyakazi wako kwa fomula ya Argentina: 9,000 na 10,500, jumla 19,500. Ni sawasawa na Ufilipino kabla ya kutoa ile likizo. Bahati tu, usije ukaigeuza kanuni.)

Tarehe nazo si moja. Ufilipino mwisho ni Desemba 24. Meksiko ni kabla ya Desemba 20. Brazil ni mafungu mawili, la kwanza lisipite Novemba 30 na la pili lisipite Desemba 20, na makato ya hifadhi ya jamii na kodi ya mapato yanaangukia fungu la pili, ndiyo maana watu hupiga simu wakiuliza kwa nini la pili ni dogo. Waeleze mapema.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililoniletea barua ya madai. Walioondoka katikati ya mwaka. Orodha ya Desemba haina majina yao, kwa hiyo jicho haliwaoni. Ufilipino mtu aliyefanya kazi walau mwezi mmoja ana haki ya sehemu yake hata kama aliacha kazi Agosti kwa hiari yake. Mimi nilimsahau mmoja. Tangu hapo sianzi na orodha ya Desemba. Naanza na ya Januari nikishuka mwezi kwa mwezi, kila jina lililowahi kulipwa nalihesabu.

Mkuu, hujasema huyo mfanyakazi alikuwepo tangu Januari mosi au aliingia siku chache baadaye. Kama aliingia katikati ya Januari, zile 108,000 si sahihi na 19,000 itashuka. Weka tarehe hapa tuipige upya.